Maskara Niliyoizimua kwa Maji ya Lenzi

Ghorofa ya Kwanza,
Juu ya Fundi Viatu,
S.L.P. 418.
Jumapili, tarehe 9 Agosti.

Wifi yangu mpendwa,

Hujambo wewe, na kaka yangu hajambo? Na wale pacha wawili waliokula sabuni mwaka jana, bado wanatoa povu au wamekwisha? Mgongo wako je? Mara ya mwisho uliniambia unakuamsha kabla ya kengele ya zamu, na kwamba kaka anakukanda kama anayekanda unga wa mkate. Mwambie dada yake amesema akande taratibu, huo ni mgongo wa mtu na si donge. Sisi huku tu wazima. Goti langu linalalamika ninapopanda ngazi na kunyamaza ninaposhuka, nami nimeamua kulisikiliza nusu nusu.

Wifi, kabla hujaendelea, kama umesimama tafuta kiti. Halafu usome hili kwanza: mwanao ni mzima, na macho yake yote mawili yanaona. Basi, shusha pumzi. Mimi yangu niliishusha Alhamisi iliyopita, saa nne asubuhi, nje ya chumba cha daktari wa macho, na mpaka leo hii naona bado sijaimaliza.

Ningekupigia simu. Na nilikupigia mara mbili, utakumbuka, na mara zote mbili nikaishia kukuuliza kama huko kwenu mvua inanyesha. Ulishangaa, najua. Simu ina pa kukimbilia, unasema mtandao mbovu, unakata. Karatasi haina mlango wa nyuma. Kwa hiyo nimeifunga saluni, nimekaa mezani tangu asubuhi na kalamu yangu, na leo nitayasema yote hata kama mkono utauma.

Uliuliza mara mbili kwa nini siku hizi Chiriku anakupigia bila picha. Tukakujibu kamera ya simu imeharibika. Ulikuwa uongo, Wifi. Kamera ni nzima. Kilichokuwa kibovu ni jicho lake la kushoto, na hatukutaka ulione.

Nianzie mwanzo, maana hadithi ya katikati huchanganya.

Unajua kwamba tangu mwaka juzi nimeacha kusuka nywele na sasa kazi yangu ni kope. Chumba ni kilekile, ila nimetoa viti vitatu nikaingiza kitanda kimoja cha kumlaza mteja na taa ya shingo ndefu ya kummulika. Na mkono wa kazi hiyo si wangu, ni wa mwanao. Sisemi kukupaka mafuta. Mimi nikibandika kope, mteja anaamka na kope. Chiriku akibandika, mojamoja kwa kibano, mteja anaamka, anajitazama kwenye kioo, halafu anauliza kama huyo ni yeye. Wanawake wanapanda zile ngazi kumtafuta yeye. Mimi wananipita kwa salamu.

Sasa saluni yetu ina desturi moja. Hatuna ubao wa tangazo. Tangazo ni uso wa Chiriku. Kila Ijumaa nambandika kope za mtindo mpya na kumpaka maskara, naye anasimama pale ngazi zinapoishia kuwakaribisha watu, ili mteja azione kope kabla hajauliza lolote. Desturi hiyo ilitulisha vizuri. Tatizo lilikuwa miwani. Mwanao ana miwani minene, kama baba yake, na kope ndefu zinagusa vioo. Kila akipepesa macho zinafagia, na ikifika saa sita vioo vina michirizi myeusi utadhani ametoka kufunga injini.

Nikamwambia, "Mwanangu, vua hayo madirisha, watu waone mapazia."

Tulicheka sana. Nikarudia siku ya pili, tukacheka kidogo. Siku ya tatu nikasema tena na sikucheka. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na nataka uliandike kwa jina langu.

Akaenda kununua lenzi za kuvaa jichoni. Alikwenda mahali panapostahili, akapimwa na kufundishwa kuzivaa, akarudi na kiboksi chake: lenzi mbili laini kama utando wa kitunguu, chupa ya maji ya kuzioshea, kikopo chenye vyumba viwili, na karatasi ndefu ya maelekezo. Karatasi ile aliisoma ukurasa wa mbele. Ukurasa wa nyuma hakuufikia, kwa sababu mimi nilikuwa nimeikunja mara nne nikaitia chini ya mguu wa meza unaocheza. Meza ilitulia kabisa, na mimi nikajiona mwenye akili.

Akili hiyohiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye maskara.

Unanijua mimi na kutupa vitu. Dawa ya meno naikata kwa mkasi nipate ya mwisho. Basi katika droo kulikuwa na maskara, si moja, ni nne, zimebaki nusu na kukauka mpaka zinapasuka kama udongo. Wenzetu wa kazi hii huzizimua kwa maji ya moto, wengine kwa mafuta. Mimi nikaitazama ile chupa ya Chiriku. Nikawaza: haya ni maji safi, yametengenezwa kwa ajili ya macho, kama hayaumizi jicho yataumizaje kope? Nikatia matone matano, nikatikisa, nikachomoa brashi. Wifi, maskara ilirudi laini kama imetoka dukani leo. Nilijisifu siku nzima. Nikazimua na zile tatu.

Wateja sikuwapaka hizo. Wateja nawafungulia mpya, jina la saluni lisichafuke. Hizo kuukuu zilikuwa za matumizi ya nyumbani, na wa nyumbani alikuwa mmoja tu. Yaani wageni walipata chakula, na mtoto uliyenikabidhi wewe kwa mikono yako miwili akapata makombo. Nimekaa wiki tatu nikilitafutia jambo hili jina zuri kuliko hilo, sijalipata.

Na kwa kuwa kila wiki nilichukua matone, chupa yake iliisha kabla ya wakati. Hakuniuliza. Alidhani yeye ndiye anayemwaga ovyo, akaona haya. Akaanza kuzisuuza zile lenzi kwa maji ya bomba.

Sasa tufike kwenye wiki ya bibi harusi mmoja. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupata: bibi harusi na wasindikizaji wake watano, wote Jumamosi moja, na wote walimtaka Chiriku. Kuanzia Jumatano msichana akawa kimya. Chiriku kimya, Wifi! Yule anayezungumza hata na birika la chai. Nami shangazi mtu mzima nikafikiri ni mapenzi. Nikamtania kwamba kuna kijana amemwibia ulimi, na nikaanza kuwatazama vizuri vijana wanaoleta viatu kwa fundi hapo chini.

Kumbe jicho lilikuwa linamwuma tangu siku hiyo. Kila asubuhi anaivaa lenzi juu ya jicho jekundu, anaongeza maskara na wanja ili wekundu usionekane, na anakaa upande wa kulia wa taa ili nisimwone vizuri. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Lakini huyu alifundishwa kuficha na nyumba nzima, maana alifikiri akinionyesha jicho nitamwambia tumepoteza kazi.

Jumamosi alibandika wasindikizaji wanne na kuwamaliza. Wa tano akakosea. Nilikuwa nyuma yake nikikunja taulo, nikaona kibano kimeshika ukope mmoja, kimeshuka polepole, na kuuweka shavuni. Shavuni, Wifi, kidole kizima mbali na jicho. Alipotaka kuutoa akagusa pua ya yule binti.

Nikamshika mkono, nikampeleka dirishani. Hakuweza kulifungua jicho kwenye mwanga, machozi yalikuwa yanashuka na kope zimeshikana. Nilipomfungua kwa vidole nikaona, kando ya mboni, kidoa cheupe kama chembe ya chumvi.

"Ni vumbi tu, shangazi," akasema. "Nimalize huyu."

Nilimwagiza aitoe lenzi papo hapo, na kwa kuwa jicho halikutaka kufunguka ilimchukua muda. Yule bibi harusi alikuwa ameketi na taulo mabegani, mama yake amefika nusu ya kumpinda nywele. Nilitaka kuomba radhi, hakunipa nafasi.

"Dada, mpeleke mtoto," aliniambia. "Mimi nitaolewa hata na kope za Mungu."

Nitamwombea mwanamke yule mpaka nife. Mama yake ndiye aliyetutafutia gari.

Daktari wa macho ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ndogo na mkono usio na haraka. Alimdondoshea Chiriku matone ya rangi ya machungwa, akazima taa ya chumba na kuwasha nyingine ya bluu. Kisha akaniita nitazame. Palipokuwa na ile chembe ya chumvi pakawaka kijani kibichi.

"Hiki ni kidonda," alisema. "Bado kiko pembeni. Kikisogea katikati na kuacha kovu, jicho hili litaona ukungu maisha yake yote."

Akaniuliza anapaka nini. Maskara ilikuwa mkobani mwangu, nikaitoa. Akaifungua, akainusa, akanitazama.

"Hii ina umri gani, mama?"

"Miezi mitatu."

"Mama."

"Minane," nikasema.

"Na umeiongezea nini?"

Pale ndipo nilipoyatema yote, mbele ya mwanao: matone, droo, karatasi chini ya meza, mpaka madirisha na mapazia. Daktari hakunigombeza. Angenigombeza ningejua pa kushika. Aliandika tu, halafu akanieleza kwa upole kwamba maji ya lenzi yana dawa ya kuulinda usafi wa lenzi ndani ya kikopo chake, hayawezi kuiokoa maskara ya miezi minane iliyoingizwa brashi na kutolewa mara mia. Vijidudu vilikuwa vimejaa humo tayari, mimi nilivipa maji ya kunywa. Makapi ya maskara yakadondoka jichoni, yakanasa chini ya lenzi, yakakwaruza. Na maji ya bomba yakaja na ya kwao.

Nilitaka nimfunge jicho kwa pamba na kitambaa. Akanizuia. Giza na joto ndivyo vijidudu vinavyovipenda. Dawa ikawa matone kila saa, usiku na mchana, siku tatu za kwanza. Lenzi zenyewe na kikopo chake alivichukua vikapimwe.

Siku zile tatu sikuombei uzijue. Nilikuwa natega saa ya saluni ilie kila saa, na hata kabla haijalia niko juu ya mtoto na kichupa. Hakulia kwa maumivu. Alilia mara moja tu, siku ya pili, alipojaribu kutazama kope zetu za kubandika kwa jicho lile peke yake.

"Shangazi, nikifumba la kulia, kope zote zinakuwa kope moja."

Mimi nimewahi kufiwa, Wifi, na nimewahi kuachwa, unajua yote. Hakuna maneno yaliyowahi kunichoma kama hayo. Kazi yake iko machoni. Ukimwondolea jicho, unamwondolea na mkono.

Ndipo akaniomba nisikwambie. Alisema ukijua utamrudisha nyumbani siku hiyohiyo. Nikakubali, na sitajifanya nilikubali kwa kumhurumia yeye. Nilijihurumia mimi. Ulipomleta kwangu watu walikuonya. Usidhani sikuyasikia: kwamba wifi ni wifi tu, mtoto wa wifi hulelewa kwa jicho la pembeni. Na nilisikia pia ulivyowajibu, kwamba huyu si wifi, huyu ni dada yangu. Jibu hilo nimetembea nalo miaka miwili kama nguo mpya. Niliogopa kulivua.

Siku ya nne asubuhi alifungua jicho kwenye mwanga bila kukunja uso. Siku ya nne, Wifi! Nilimwona akitazama dirisha, nikajifanya sijaona, nikaingia jikoni nikashikilia sinki. Siku ya sita akaanza kuzungumza na birika. Siku ya kumi akanikosoa jinsi ninavyofagia, nikajua mtoto amerudi.

Alhamisi iliyopita ndiyo ilikuwa siku ya kupimwa mara ya mwisho. Alikaa kwenye kile kiti, akafunika jicho la kulia, akaanza kusoma herufi ukutani kwa la kushoto. Mstari wa kwanza mimi mwenyewe niliuona kutoka mlangoni. Wa nne sikuuona tena. Yeye akaendelea kushuka, akafika wa mwisho kabisa, akasita kwenye herufi moja.

"Usijali," daktari akamwambia. "Hata mimi hiyo huwa naibahatisha."

Kovu limebaki, dogo kama ncha ya sindano, na liko pembeni lisikodhuru kitu. Jicho linaona sawasawa na mwenzake. Nilitoka nje nikakaa kwenye kiti cha plastiki na kulia kama mtoto aliyepotea sokoni kisha akaonekana. Bwana mmoja aliyekuwa kwenye foleni alinionea huruma akanipa gazeti lake nijifute. Nilirudi nyumbani na matokeo ya mpira shavuni, na Chiriku aliniacha nitembee nayo njia nzima.

Utauliza kama sasa amekatazwa kujipamba. Hapana, na mimi nilishangaa kama wewe. Daktari anasema ubaya hauko kwenye maskara wala kwenye lenzi, uko kwa watu kama mimi. Lenzi zinapumzika kwanza mpaka yeye atakaporuhusu. Zikiruhusiwa, ataosha mikono na kuikausha, atavaa lenzi kwanza, halafu ndipo ajipake. Jioni ni hivyohivyo: lenzi zitoke kwanza, ndipo uso usafishwe, kwa sababu ukianza na mafuta ya kusafishia yanaingia kwenye lenzi na kukaa. Sisi siku zote tulikuwa tunafanya kinyumenyume.

Maskara yenyewe haipakwi tena kutoka shinani. Inaanzia katikati ya ukope kwenda nchani, makapi yasipate njia. Zile zenye vinyuzi vya kurefusha nimeziacha, na zile zisizotoka kwa maji pia, maana zinataka mafuta na kusuguliwa. Kila mtu na yake, hatuazimani hata kwa dakika moja. Siku ninapoifungua nabandika karatasi yenye tarehe, na ikitimiza miezi mitatu inakwenda pipani hata kama bado imejaa. Kwangu mimi huo mwezi wa tatu ni msiba, lakini nauzika. Nilipoteremsha ndoo ya vile vya zamani, fundi viatu aliuliza nani amehama.

Ile karatasi ya maelekezo nimeitoa chini ya meza. Nimeisoma kwa sauti, pande zote mbili, Chiriku akinisikiliza kama hakimu. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa mle. Kulala na lenzi, maji ya bomba, jicho likiwa jekundu usivae, vyote. Majuto ni mjukuu, na wangu amezaliwa na meno. Sasa imebandikwa kando ya kioo, na meza imerudi kucheza.

Kila mteja akilala kitandani anaulizwa kwanza kama amevaa lenzi. Wiki hii peke yake wawili walikuwa nazo na hawakutaka kusema. Mmoja alinikasirikia nilipomwambia azitoe kabla hatujaleta gundi karibu na jicho lake. Chiriku akavua miwani yake, akamsogelea na kumwonyesha lile kovu. Yule mama alizitoa hapohapo.

Ndiyo, miwani imerudi. Anafanya kazi nayo, na hapo ngazini anasimama nayo. Tunambandika kope fupi zisizofika kwenye kioo. Nilidhani wateja watapungua. Mzee mmoja aliyemleta mkewe alisema yeye angemwogopa zaidi mbandika kope asiyeona vizuri. Tangu hapo nimefunga mdomo kuhusu madirisha.

Basi, Wifi, hayo ndiyo yote. Nimefurahi mpaka naogopa, na nina aibu mpaka nashindwa kula vizuri, na vyote viwili vimekaa mahali pamoja. Naomba unisamehe. Siombi kwa sababu jicho limepona. Lingekuwa halijapona ningeiandika barua hii hii, ila sijui ningeimalizaje.

Mwanao ni wako. Ukisema arudi, nitamfungia mzigo wake mwenyewe, nitamsindikiza mpaka kituoni, na hutasikia neno kutoka kwangu. Ukisema abaki, nitamlea kama nilivyopaswa kumlea tangu siku ya kwanza, kipya kwanza kwake, wageni baadaye. Amua ukiwa umetulia. Ukitaka kunitukana kwanza, nipigie, nitapokea, na mtandao hautakuwa mbovu.

Nisalimie kaka yangu, na umsomee barua hii wewe mwenyewe, polepole, asiruke juu kabla ya kufika kwenye herufi za ukutani. Nisalimie pacha, uwabane mashavu kwa niaba yangu. Nisalimie mama mkwe wako, ambaye ni mama yangu pia ingawa anakupenda wewe zaidi, na umwambie macho yake nayo yapimwe. Msalimie na yule jirani yako mshona mapazia.

Mungu akulinde kazini na njiani, aupe mgongo wako usingizi, na akuzidishie moyo ule uliowajibu watu wale.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye na nisiye na kitu tena cha kukuficha,

Shangazi wa Chiriku.

Nyongeza, kwa mkono wa Chiriku:

Shikamoo Mama. Shangazi ameniachia nafasi hii nimsahihishe palipo na makosa. Kosa ni moja. Anajibebesha yote, lakini lenzi nilizitaka mwenyewe hata kabla hajaanza utani wake, na jicho nilijua linauma tangu Jumatano. Nilinyamaza kwa sababu nilimtaka yule bibi harusi awe wangu. Naomba nibaki, Mama.

Barua nzima nimeisoma kwa jicho la kushoto, la kulia nimelifunika kwa kiganja. Sikukwama hata mahali pamoja, na mwandiko wake unaujua ulivyo. Nimeona mpaka lile doa ukurasa wa pili, pale alipoandika kuhusu makombo, wino umetawanyika. Ukimuuliza atakuambia ni chai. Mama, tangu asubuhi hapa hakuna aliyechemsha chai.